Kambi ya Watoto Malindi au Likizo ya Familia Lamu: Ipi Imfae Mtoto Wako Mwezi wa Agosti?

Kila shule zinapokaribia kufungwa mwezi wa Agosti, matangazo ya kambi za watoto huanza kuonekana Malindi na Watamu, kwenye kuta za maduka na katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, na si machache yanayoziita kambi hizo za "kiangazi". Msomaji wa pwani hulipita neno hilo kwa tabasamu, maana kiangazi chetu ni cha kaskazi, kati ya Disemba na Machi, ilhali Agosti ni kipupwe: kusi inavuma, asubuhi zina ubaridi, na mwani umetapakaa ufukweni. Jina limesafiri pamoja na desturi yenyewe kutoka nchi ambako shule hufungwa katika miezi ya joto. Kambi inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza nchini Marekani ilipigwa Connecticut mwaka 1861 na mwalimu Frederick William Gunn, ambaye aliwatoa wanafunzi wake darasani akaenda nao kwa miguu hadi pwani wakavue, waendeshe mashua na kulala nje. Nchini Uingereza, Robert Baden-Powell alipiga kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, akiwa na wavulana wapatao 20. Skauti walifika Kenya mwaka 1910, na Baden-Powell mwenyewe amezikwa Nyeri, alikofariki mwaka 1941, kwa hiyo mambo ya kambi si mageni kwetu kama bei za siku hizi zinavyoweza kumfanya mtu adhani.

Nimeanza na msimu kwa makusudi, kwa sababu ndio unaoamua mengi kati ya haya nitakayoyalinganisha, na ndio ambao matangazo hayautaji. Mimi ninaishi Malindi, na upande wa mume wangu ni watu wa Lamu, mtaa wa Mkomani. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukipokezana: Agosti moja watoto huandikishwa kambi hapa nyumbani, Agosti nyingine sote hupanda basi kwenda kwa bibi yao. Binti yangu sasa ana miaka 12 na mdogo wake ana miaka 7, na haujapita mwaka ambao jawabu lilikuwa moja kwa wote wawili.

Ieleweke pia vitu ninavyovilinganisha havifanani sana. Kambi ninayoizungumzia ni kambi ya kutwa: mtoto hupelekwa saa mbili asubuhi na kuchukuliwa saa tisa au saa kumi alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki moja au mbili. Zipo pia za kulala, lakini hizo nitazigusa tu mbele. Upande wa Lamu hakuna kambi. Kuna nyumba, iwe ya jamaa au ya kupanga, kuna bahari, kuna vichochoro, na kuna watu wazima ambao kwa siku saba hawana pa kukimbilia.

Bahari ya kusi

Mzazi anayelipia kambi ya Malindi au Watamu mara nyingi huwa amevutwa na picha ya mtoto aliyevaa miwani ya kuzamia, huku samaki wa rangi wamemzunguka. Picha hiyo ni ya kweli, ila ni ya msimu mwingine. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, zikiwa za mwanzo kabisa nchini Kenya, na bustani zake za matumbawe huonekana vizuri bahari inapotulia, kuanzia Oktoba hivi hadi Machi. Mwezi wa Agosti mawimbi huwa makubwa, maji hutibuka, na ziko siku ambazo boti zenye sakafu ya kioo hazitoki kabisa. Kambi yenye waelekezi wanaoijua pwani huwa na ratiba ya pili: upepo ukizidi, watoto hupelekwa Mida, kwenye mikoko na maji yaliyotulia, au huingizwa msituni. Kambi isiyokuwa nayo huwarudisha watoto ukumbini wakapaka rangi karatasi mpaka saa ya kuchukuliwa, na mzazi hulipia bahari akapewa kalamu za rangi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mwenye kambi huwa ni hili: siku ambayo boti haitoki, mnafanya nini? Anayesita kulijibu, humshukuru nikaenda zangu.

Lamu ina bahati ya jiografia. Kisiwa cha Manda kinaukinga mlango wa bahari ulio baina yake na Lamu, hivyo hata kusi ikivuma mashua hupita humo bila shida kubwa, na mtoto anaweza kuogelea upande wa ndani wa Shela chini ya macho ya mtu mzima. Lakini bahati hiyo inaishia pale ufuo unapopinda. Ufuo wa Shela unaonyooka kwa kilomita 12 hivi umeelekea bahari kuu. Mawimbi yake mwezi wa Agosti ni ya kuogopwa, mkondo unavuta, na mtu anayepaswa kumwangalia mtoto ni wewe mwenyewe. Nimeona familia za bara zikiuchukua ufuo mzima kuwa ni kitu kimoja, na hilo ni kosa. Mchanga ule ni wa kukimbilia na kujengea ngome; maji yake tuwaachie wanaoyajua.

Kuna jambo jingine la bahari ambalo wazee wetu walilihesabu kwa mwezi, na mzazi wa leo anaweza kulihesabu vivyo hivyo akiwa na kalenda ya Kiislamu ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, ingawa hayajai sana wala hayapwi sana. Hesabu hii ndogo inaweza kuifanya wiki ya mtoto iwe ya kukumbukwa au ya kungojea. Wiki ya bamvua inaifaa kambi ya Malindi, kwa sababu saa nne asubuhi, wakati watoto wamekwisha kupata chai na kuhesabiwa, mwamba uko wazi, na wanaweza kutembea kwenye vidimbwi wakatazama pweza wadogo, kaa, na nyota za bahari bila hata kuogelea. Wiki ya maji mafu kambi hiyo hiyo huwa haina maji ya kina wala mwamba ulio wazi, na waelekezi huanza kubuni michezo.

Ukienda Lamu hesabu ni ile ile, ila matumizi yake ni tofauti. Magofu ya Takwa, yaliyoko kisiwani Manda, hufikiwa kwa mashua kupitia mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mashua haipiti humo maji yakiwa yamepwa. Wiki ya bamvua safari hiyo ni ya alasiri, na ukichelewa kuondoka Takwa utashuka kwenye tope ukaisukume mashua, jambo ambalo mwanangu wa kiume analihesabu kuwa ndilo tukio bora la maisha yake hadi sasa. Familia inaweza kungoja. Mama akalala kidogo baada ya adhuhuri, watoto wakacheza mdako kibarazani, kisha nahodha akapiga simu kwamba maji yanatosha. Kambi haiwezi kungoja, kwa kuwa mzazi yuko langoni saa tisa. Kambi hufuata saa na safari ya Lamu hufuata maji, na mambo mengine mengi nitakayoyataja yanatoka hapo.

Yanayoonekana na yanayofanywa

Kwa wingi wa mambo, Malindi na jirani zake zinaishinda Lamu, na sioni haja ya kulificha hilo kwa kuwaonea haya wakwe zangu. Ndani ya mwendo mfupi wa gari kuna magofu ya Gede, yaliyotangazwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2024. Kuna mradi wa Kipepeo papo hapo Gede, ulioanza mwaka 1993, ambao hununua kwa wakulima wa pembezoni mwa msitu pupa (mabuu yaliyokwisha kujifunga) za vipepeo waliowafuga. Kuna Msitu wa Arabuko-Sokoke wenyewe, wa kilomita za mraba zipatazo 420. Kuna shamba la nyoka la Bio-Ken pale Watamu, lililoanzishwa mwaka 1980. Kuna kituo cha kutibia kasa cha Local Ocean Conservation. Na kaskazini mwa mji kuna korongo la Marafa, ambalo Wagiriama huliita Nyari, lenye kuta za udongo mwekundu, mweupe na wa waridi. Kambi yenye basi moja inaweza kuyagawa haya kwa siku tano na bado ikabakiwa na mengine ya mwaka ujao.

Mambo haya hayana uzito sawa kwa mtoto. Mnara wa Vasco da Gama, kwa mfano, mtoto huumaliza kwa dakika 5. Ataambiwa kwamba Mreno huyo alifika mwaka 1498 na akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, ataangalia bahari, kisha ataomba aiskrimu. Gede ni kitu kingine. Mji mzima uliohamwa katika karne ya 17, wenye msikiti mkuu, kasri, visima na vyoo, na miti imeotea ndani ya vyumba, humfanya mtoto aulize maswali ambayo mwelekezi mwenyewe hana haraka ya kuyajibu. Binti yangu alisimamishwa mbele ya kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, na kwa kuwa anasoma Kiarabu madrasa aliulizwa kama anaweza kuisoma. Alirudi nyumbani siku hiyo akizungumza mpaka usiku. Siku ya pili walipelekwa Arabuko-Sokoke alfajiri kumtafuta sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu ambaye msitu huo ndio makao yake makuu duniani, na kicheko cha watoto 12 kwa jina hilo kilitosha kuwafukuza sange wote wa sehemu ile. Hawakumwona hata mmoja. Wote walirudi wakiwa na furaha.

Kasa nao wana msimu wao, na hapa Agosti ina faida kuliko Disemba. Kasa wa kijani hutaga kwa wingi Watamu katika miezi ya kusi, na mayai huanguliwa baada ya siku 60 hivi, kwa hiyo mtoto aliyeko kambini wakati huo ana nafasi ya kuona vitoto vikielekea majini, ikiwa kambi ina mawasiliano mema na wanaolinda viota. Lisiahidiwe kwa mtoto, lakini lisipuuzwe.

Lamu ina vitu vichache zaidi, na mtoto huwa karibu navyo zaidi. Ngome, iliyomalizika kujengwa mnamo mwaka 1821 na kutumika kuwa jela hadi 1984, leo ni makumbusho yenye maktaba, na watoto huingia na kutoka humo kama nyumbani. Zahanati ya punda, iliyoko tangu 1987, iko kando ya bahari, na mtoto husimama akaona punda mzee akisafishwa kidonda, jambo linalomfundisha upole kuliko mawaidha yangu. Mji wenyewe, urithi wa dunia tangu 2001, ndio uwanja wa michezo: kibe kinachochezwa katika vichochoro vya Mkomani hakina mfano, kwa sababu aliyejificha anaweza kutokea mtaa wa tatu.

Ila kwangu mimi safari iliyozidi zote ni ya Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi upande wa magharibi wa kisiwa. Mwanangu alikuwa na miaka 6. Fundi mmoja mzee alikuwa akitia kalafati kwenye jahazi lililopinduliwa, akisukuma pamba yenye mafuta katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, na mtoto akamwamkia kisha akabaki amesimama pembeni kwa muda ambao sijawahi kumwona akisimama bila kusema. Mzee akamwita, "Njoo hapa, mjukuu wangu, leta mkono," akampa kipande cha pamba akisokote. Walikaa hivyo takriban saa nzima, mimi na baba yake tukiwa chini ya mkungu hatuna kazi. Hakuna ratiba ya kambi ambayo ingeweza kuliweka jambo hilo, maana katika kambi mafundi hutembelewa kwa dakika 20, watoto wakahesabiwa, wakapanda basi. Keke na tezo, zana za mafundi hao, wangeziona; kusokota pamba wasingepata.

Kwa hiyo ukiniuliza ni wapi mtoto hujifunza mengi zaidi, nitasema Malindi. Ukiniuliza ni wapi huzama zaidi katika jambo moja, nitasema Lamu, ilimradi awe na mtu mzima aliye tayari kukaa chini ya mkungu.

Nani anamwangalia mtoto

Mwaka binti yangu alipokuwa na miaka 9 tulimwandikisha kambi moja ya ufukweni, ambayo sitaitaja jina. Siku ya tatu alirudi ngozi imeungua mabegani, ana homa, na hakuna aliyenipigia simu. Nilipouliza niliambiwa kwamba jaketi za kuokolea zilikuwa chache kuliko watoto, hivyo walikuwa wakiingia majini kwa zamu, na waliongojea zamu walikaa mchangani, kwenye jua la saa sita, msimamizi akiwa mmoja naye yuko majini. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wamepokea watoto wengi kuliko vifaa vyao, na hilo ndilo kosa la kambi ambalo mzazi anaweza kuliona mapema, kabla hajalipa.

Tangu hapo huwa naenda mwenyewe siku moja kabla, nikaomba kuziona jaketi na kuzihesabu, nikaangalia kama zipo za kimo cha mtoto mdogo, maana jaketi ya mtu mzima humtoka mtoto juu ya kichwa anapotumbukia. Huuliza wasimamizi ni wangapi kwa watoto wangapi, na ni wangapi kati yao wanaojua kumtoa mtu majini na kumsaidia kupumua. Huuliza pia kivuli kiko wapi, maji ya kunywa yanatoka wapi, mtoto akiumwa atapelekwa hospitali gani na kwa gari la nani. Mwenye kambi mzuri hachukizwi na maswali haya. Aghalabu huwa ameshayaandika kwenye fomu. Kambi za kulala ziongezewe maswali ya usiku: nani analala na watoto, wasichana na wavulana wametenganishwa vipi, vyandarua vipo, na mtoto anaruhusiwa kumpigia mama yake simu wakati gani. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 11 mimi sijaona kambi ya kulala inayostahili usumbufu wake, na nikisema hivyo nakiri kwamba wapo wazazi wenzangu wanaonicheka.

Lamu ina hatari za namna nyingine, na kwa kuwa hazina fomu huwa rahisi kuzisahau. Nyumba za kale zina ngazi zenye vidato virefu na madari yenye ukuta mfupi wa kuzuia. Punda aliyebeba mawe hasimami kwa ajili ya mtoto, na siku hizi pikipiki nazo zimeingia. Watoto wa mjini huruka kutoka gatini wakapiga mbizi tangu wakiwa wadogo, na mtoto wa Malindi aliyezoea kukanyaga mchanga huwafuata bila kuuliza kina. Zaidi ya yote, katika nyumba yenye bibi, maami, mashangazi na binamu wakubwa, kila mtu hudhani mwenzake ndiye anayemwangalia mtoto. Sisi tumejiwekea desturi ya kumtaja mtu: leo asubuhi ni ami yake, alasiri ni mimi, na anayetajwa haondoki bila kumkabidhi mwingine. Kambini kazi hiyo imelipiwa; kwa jamaa inabidi kugawiwa, la sivyo haina mwenyewe.

Fedha

Sitataja bei, kwa kuwa hubadilika kila msimu na hutofautiana sana baina ya kambi ya shule ya mtaa na kambi ya hoteli. Mfumo wa malipo hubaki vile vile, na ndio wa kuangaliwa. Kambi hulipishwa kwa kila mtoto, kwa siku au kwa wiki, hivyo watoto wanne ni kambi mara nne, labda na punguzo dogo. Lamu vitu vikubwa hulipwa kwa jumla: mashua ni mashua moja hata ikibeba watoto wawili au sita, nyumba ni nyumba moja, na samaki mkubwa ni mmoja. Nauli ya basi tu ndiyo inayohesabu vichwa. Kwa familia ya mtoto mmoja, kambi ya wiki aghalabu huwa nafuu kuliko safari. Kwa familia ya watoto wanne, hesabu hugeuka, hasa ikiwa mna pa kufikia.

Katika bei ya kambi uliza waziwazi kama viingilio vimo. Hifadhi zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na magofu yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa yana viwango tofauti kwa raia, kwa wakazi wa kigeni na kwa wageni, tena watoto na watu wazima hawalipi sawa, na malipo siku hizi hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali. Nimekutana na tangazo lililoonekana rahisi mpaka viingilio vitatu vilipoongezwa. Upande wa Lamu gharama inayofichika ni zawadi: huwezi kuingia kwa mkweo mikono mitupu na watoto nyuma, na mfuko wa mchele, sukari na maembe ya Malindi yakiwa katika msimu vina uzito wake kwenye basi na kwenye mfuko.

Na ipo gharama ambayo wazazi wengi hawaipendi kuitaja, nayo ni muda wao wenyewe. Mama mwenye duka sokoni, au baba anayefanya kazi hotelini ambako Agosti ni mwezi wa wageni, hana wiki ya kwenda Lamu. Kwake kambi ni mahali salama pa mtoto kushinda wakati yeye anafanya kazi, na hapaswi kuona haya kuichagua kwa sababu hiyo. Nisingependa ulinganisho huu umfanye ajione amempunguzia mtoto wake kitu.

Madrasa, chakula na mavazi

Madrasa nyingi huendelea wakati wa likizo, baadhi kwa masaa marefu zaidi kuliko siku za shule. Kambi inayoishia saa kumi humnyima mtoto kipindi cha alasiri, kwa hiyo zungumza na ustadhi mapema. Wetu alikubali binti yangu ahudhurie baada ya magharibi kwa wiki ile. Lamu tatizo hili halipo, kwani bibi mwenyewe humpeleka mtoto chuoni jirani siku ya pili baada ya kufika, atake asitake.

Kuhusu chakula, uliza kambi kama nyama ni halali na kama mtoto anaweza kuja na chake. Kuhusu kuogelea, wasichana wakubwa wa familia nyingi za hapa huingia majini wakiwa wamevaa suruali na fulana ndefu. Kambi nyingine huona hilo ni jambo la kawaida, nyingine husumbua mtoto kwa maswali, na ni bora ulijue hilo kabla yeye hajalijua. Lamu mavazi ya heshima yanatakiwa na mzazi pia, hasa katikati ya mji. Chakula cha huko hakihitaji kuulizwa: mkate wa mofa asubuhi, viazi karai na maji ya ukwaju jioni, kaimati wakati wowote ambao mama haangalii.

Njia

Kambi iko umbali wa tuktuk. Lamu ni zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ya Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Panda basi la asubuhi, beba vitambulisho vyenu na vyeti vya kuzaliwa vya watoto kwa ajili ya vizuizi vya ukaguzi, uliza hali ya njia kabla ya kuondoka, na umpe anayetapika kiti cha mbele.

Umri na tabia

Mtoto wa miaka 5 hadi 9, kwa maoni yangu, hunufaika zaidi na Lamu. Katika umri huo ratiba humchosha kuliko inavyomfurahisha, na akiwekwa katika kundi la watoto asiowajua hutumia siku mbili za kwanza akimtafuta mama, siku ya tatu akazoea, na siku ya tano kambi ikaisha. Mtoto wa miaka 10 hadi 13 hali yake ni nyingine. Amekwisha kuwachoka binamu zake, anataka marafiki ambao hawakuchaguliwa na ukoo, na kwake kengele ya kambi ni raha. Anapenda kujua kwamba saa nne ni mwamba na saa saba ni chakula. Binti yangu alipelekwa Lamu mwaka jana akiwa na miaka 11, na kwa siku tatu alikaa darini na simu ya shangazi yake. Haikuwa Lamu iliyobadilika.

Wa miaka 14 na kuendelea wala hawafai kambi za watoto, ambako huchoshwa na nyimbo za wadogo. Hao waulizwe kama wanaweza kwenda kambini wakiwa wasaidizi, au wajiunge na Skauti shuleni, au Lamu wapewe nahodha anayehitaji kijana wa kushika tanga.

Tabia nayo iangaliwe pamoja na umri. Mtoto mpole anayekaa pembeni asisukumiwe kambi yenye watoto 50 kwa nia ya "kumchangamsha"; kundi dogo la kutazama ndege Mida litamfaa zaidi, ambako kutosema ni sifa. Mtoto asiyetulia, ambaye nyumbani huvunja vitu kufikia saa tatu asubuhi, kambi humsaidia kuliko Lamu, maana kule uhuru wote ule humzidi, na bibi naye amechoka. Ninachofanya mimi ni kuwaacha watoto wiki ya kwanza ya likizo bila mpango wowote na kuwatazama. Anayeuliza kila asubuhi "leo tunafanya nini?" anataka saa. Anayepotea nyuma ya nyumba na kipande cha ubao mpaka aitwe kula anataka maji.

Mwaka huu binti yetu ameandikishwa kambi ya siku tano inayoanzia Gede na kuishia Mida, katika wiki ya mwezi kuandama, na nimekwisha kuzihesabu jaketi. Atalala kwa mama yangu hapa Malindi. Mdogo wake tunapanda naye basi kwenda Mokowe siku hiyo hiyo, na amenikumbusha mara mbili kwamba safari hii anataka kupewa nyundo, si pamba peke yake.